Figa la Tatu la Mwamgongo

Miaka kumi na moja nimewafundisha watoto wa Gungu habari za watu wa kale, na sijawahi kuona hata kigae chao kimoja kikiwa ardhini. Aibu hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani niliposikia kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa, kunachimbwa makazi ya kale na wanaojitolea wanakaribishwa.

Saa nne asubuhi boti yetu iliondoka Kibirizi, imejaa magunia ya sukari. Milima ya Gombe ilipita upande wa kulia, nami nikawa nauliza maswali mpaka jirani yangu akajifanya amelala.

Tulifika alasiri. Shimo lilikuwa shambani kwa mwenyeji wangu, Mama Zawadi, aliyekubali mihogo yake ing'olewe.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Mihogo nimetoa. Ninachotaka ni kumjua aliyekaa hapa kabla yangu."

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuchimba. Bi Neema, mkuu wa uchimbaji, alinipa brashi. Mawe mawili yaliyoungua yalikuwa yameshaonekana kando ya majivu. Likipatikana la tatu, hapo ni jiko. Lisipopatikana, huenda ni mawe tu yaliyoporomoka mlimani.

Saa tano nililiona. Furaha ilinipanda kichwani. Nikalinyanyua, nikalipangusa vizuri, nikaliweka pembeni ili nifagie chini yake.

"Mwalimu!" Bi Neema alipiga kelele. "Hatujalipima!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na shimo lenyewe lilikuwa tayari.

Mama Zawadi, aliyekuwa ametuletea uji, alishuka akalishika lile jiwe.

"Figa huungua upande mmoja," alisema. Aliligeuza upande mweusi utazame majivu, akalishusha kwenye kishimo lilipotoka. Likakaa, halikucheza. "Eh! Kumbe naye alikaa na kupika kama mimi, upepo wa ziwa mgongoni."

"Nakubaliana nawe, mama," Bi Neema akamwambia. "Ila mchoro wa shimo hauchorwi kwa kukubaliana."

Mawe mawili aliyachora kwa mstari kamili, la tatu kwa vinukta, kwa kuwa mahali pake hapakupimwa. Kisha akanipa penseli.

Jumatatu, darasani Gungu, niliwaeleza watoto kwamba kitu cha mtu wa kale huachwa kilipo mpaka kipimwe. Wakauliza nimejuaje. Nikawaandikia ubaoni sentensi niliyoiandika kando ya vile vinukta: "Jiwe hili liliondolewa na mwalimu kabla ya kupimwa."