Fundi Anayeirudisha Kompyuta Nyuma Ili Mama Asipotee

Jua halijafika juu ya mapaa ya soko la Huwei, mji mdogo wa Taiwan, na Bibi Chung Yueh-nu ameshavaa. Shati la buluu la ofisi limepigwa pasi, mkoba uko begani, nywele zimebanwa vizuri. Anashuka ngazi taratibu hadi kwenye duka la kompyuta lililo chini ya nyumba, anasimama mlangoni na kuchungulia barabara.

“Fundi, gari la kiwanda limeshapita?”

“Bado, Bibi Chung,” anajibu mwanamke aliyeinamia kompyuta iliyofunguliwa matumbo yote nje. “Leo kazi imeletwa hapahapa. Kaa kwanza, uji uko tayari.”

Gari hilo halipiti tena. Bibi Chung alistaafu kiwanda cha sukari zaidi ya miaka ishirini iliyopita, sasa ana miaka sabini na saba, na huyo anayemwita fundi ni binti yake wa kumzaa, Liao Hsiu-luan. Jina la binti halijamtoka mdomoni tangu mwaka juzi.

“Nimezoea,” anasema Hsiu-luan, akifuta vumbi kwa brashi ya rangi. “Uongo. Sijazoea. Lakini angalau ananiita kwa heshima kuliko wateja.”

Hsiu-luan, mwenye miaka hamsini na mitatu, anatengeneza kompyuta ambazo wenzake wameshazikatia tamaa. Mashine ikizeeka, Windows mpya inakataa kukaa ndani yake. Yeye huifuta, huweka Linux, mfumo usiouzwa na usio na makuu, kisha huuvalisha sura ya ule wa zamani ambao mteja ameuzoea: rangi ileile, kitufe cha kuanzia kwenye kona ya chini kushoto, pipa la taka mahali pake, hata mlio wa kuwasha.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Wateja wa Hsiu-luan ni watu ambao kidonda hukiita kidonda. Yupo mwalimu wa udereva, yupo mshona mabango ya hekaluni, na yupo Bwana Su, muuza mbolea, ambaye siku ya kuchukua mashine yake alibofya huku na huku kisha akamgeukia fundi.

“Sasa hapa umefanya nini?”

“Nimebadilisha kila kitu.”

“Mbona sioni?”

“Ndicho unacholipia.”

“Yaani nalipa kwa kutoona kitu. Dada, wewe ungegombea udiwani.”

Alilipa. Kesho yake akarudi na pakiti ya kijani ya vitafunwa, akaiweka juu ya rafu ya duka, kama Wataiwani wengi wanavyoamini, ili mashine zote ziwe na adabu, akamwonya Hsiu-luan asije akaila kwa njaa.

Mashine moja humpa dola elfu moja na mia mbili za Taiwan, na mwezi mzuri huleta mashine kumi na tano. Huo si utajiri. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno, na Huwei ni mji unaoyajua maganda ya muwa.

“Mteja akinisifu, najua nimeharibu,” anasema. “Akisifu maana yake ameona tofauti.” Hata hivyo kila mmoja humwambia wazi kilichomo ndani, asije akanunua programu isiyoingia akamlaumu. Mtu pekee ambaye hakuwahi kumwambia ni mama yake.

Miaka minne iliyopita Bibi Chung alikuwa na kompyuta yake ya kustaafia, ile yenye picha ya kilima cha kijani na anga la buluu. Aliitumia kucheza karata na kuandikiana na wenzake wa zamani. Asubuhi moja akapiga meza kwa kiganja.

“Nani kahamisha vitu vyangu?”

Hakuna aliyehamisha. Hsiu-luan alikaa pembeni akautazama mkono wa mama. Kipanya kilikwenda mahali pasipo na kitu, kikabofya, kikarudi, kikaenda tena palepale. Ilimchukua siku kadhaa kuelewa. Mama alikuwa akibofya mahali ambapo vitu vilikaa katika mfumo wa kabla ya huo, ule wa kijivu waliokuwa nao ofisini.

“Nikasema, kumbe mama hajapotea,” anasimulia. “Yuko mahali fulani, amerudi nyuma kidogo tu. Basi nikamfuata.”

Akaweka Linux, akaivalisha ukijivu ule: pembe kali, maandishi membamba, saa kwenye kona. Bibi Chung alikaa, akabofya mara mbili, akatulia na kuomba chai. Utulivu huo ulidumu karibu mwaka mzima. Kisha mama akarudi nyuma tena, na binti akamfuata hadi kwenye kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, jinsi kompyuta za kwanza za kiwandani zilivyokuwa. Hapo Bibi Chung aliandika barua za tani na mabehewa kwa mkuu wa stesheni aliyekufa zamani, na hakutaka kutoka nje.

Kutotoka nje ndilo jambo lenyewe. Siku ambazo kioo hakikumshika, Bibi Chung alishika njia ya kiwandani kwa miguu. Mara mbili alikutwa kwenye reli ya mabehewa ya miwa. Mara ya tatu alikuwa katikati ya barabara kuu, mkoba begani, malori yakimpigia honi.

Mdogo wake Hsiu-luan, Liao Wen-tsung, anayeuza vigae Taichung, akasema basi. Alishatafuta makao ya wazee hukohuko mjini, safi, yenye bustani na milango inayofungwa. Dada na kaka walizozana kwenye simu.

“Dada, wewe ni fundi au ni mlinzi wa mlango?”

“Vyote viwili.”

“Siku utakayogeuka kuokota skrubu, lori litampitia. Na isitoshe unamdanganya. Unamvalisha mama uongo.”

“Na wewe huuzi vigae vinavyofanana na marumaru?”

“Wateja wangu wanajua ni vigae.”

Neno lile lilimwingia Hsiu-luan. Wakakubaliana: mama akitoka peke yake mara moja zaidi, anahamia Taichung.

Vuli ilipoingia, kioo cheusi nacho kikachoka. Bibi Chung aliacha kugusa kibodi. Alikaa mbele yake, mkono wa kushoto ukisukuma hewa huku na huko, wa kulia ukishuka kwa nguvu, tap, ukipanda, ukishuka tena. Daktari alimpima, akasema huo si mtetemeko wa maradhi anaoujua. Hsiu-luan hakulala vizuri wiki hizo, na anakiri kwamba alishaanza kuchagua nguo za kuweka kwenye begi.

Aliyefumbua fumbo ni Bibi Ting, mwenzake mama wa kiwandani, aliyekuja na figili za kukausha. Alisimama mlangoni, akamtazama rafiki yake, akacheka hadi akakaa.

“Mwanangu, mbona unahangaika na madaktari? Anapiga chapa huyu.”

“Anapiga chapa kwenye nini?”

“Kwenye mashine ya trei. Wewe ulikuwa mtoto. Mkono wa kushoto unasogeza trei, wa kulia unashusha mpini, unaokota herufi moja unaigonga kwenye karatasi. Herufi za risasi, zaidi ya elfu mbili, zote zimegeuka kinyume kama kwenye kioo. Mama yako alikuwa moto. Sisi tukimaliza barua moja, yeye yuko kwenye ya tatu.”

Mashine yenyewe, ya herufi za Kichina ambazo kila moja hubeba neno, iliuzwa kama chuma chakavu zamani. Hsiu-luan hakuwa na ya kufanana nayo, ila alikuwa na kioo cha kugusa alichonunua kwenye mgahawa wa chai uliofungwa. Akakilaza mezani, akaweka Linux, akaondoa kila kitu kinachofanana na kompyuta: hakuna kitufe cha kuanzia, hakuna pipa, hakuna saa. Badala yake akachora trei nzima yenye herufi zilizogeuka, akazipanga kwa mfuatano wa kitabu cha mafunzo alichokipata kwa muuza vitabu vikuukuu. Anasema hakuwahi kujivunia kazi kama aliyoifanya siku ile.

Bibi Chung aliiangalia, akasogeza trei kushoto, akasogeza kulia, uso ukakunjamana.

“Hii ya wanafunzi,” alisema. “Mpiga chapa hapangiwi trei.”

Akachukua mkoba. Hsiu-luan alikuwa akimhudumia mteja aliyeleta chaja. Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Alimkuta kwenye geti la kiwanda, ameketi juu ya jiwe, mlinzi amemfunika kwa koti lake. Jioni ile Hsiu-luan alimpigia simu mdogo wake akamwambia ukweli wote. Wen-tsung hakugomba. Alisema tu, “Jumapili nakuja na gari,” na hilo lilimuuma dada yake kuliko ugomvi.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Hsiu-luan angeweza kukaa na kulia. Lakini maneno ya mama yalikuwa yakimzunguka kichwani: mpiga chapa hapangiwi. Akamuuliza Bibi Ting, naye akathibitisha kwamba kila mmoja wao alikuwa na trei yake. Uliweka karibu na mkono wako maneno unayoyatumia, yanayofuatana ukayaweka jirani, na herufi za nadra zikakaa kwenye kisanduku cha pembeni. Ukimpa mtu trei ya mwenzake, umempa nyumba ya jirani.

Basi akaifuta. Akaacha trei tupu, herufi zote zikiwa kwenye rundo kando, kila moja ikiweza kuvutwa kwa kidole, na zile za nadra kwenye kisanduku chake. Akamwita mama.

“Bibi Chung, trei yako imesafishwa. Itabidi uipange upya.”

“Jamani hawa mafundi,” alisema Bibi Chung, akakunja mikono ya shati.

Jumapili Wen-tsung alifika na kumkuta mama bado anapanga. Begi la nguo lilikuwa ngazini. Alisimama nyuma ya kiti, funguo za gari mkononi, akisubiri mama amalize, na mama hakuwa na dalili ya kumaliza. Sukari ilikaa karibu na tani, tani karibu na behewa. Mheshimiwa alipewa jirani yake, salamu. Kidole kilikwenda bila kusita, kama mtu anayepanga vyombo vya jikoni kwake.

“Dada, mimi hata sisomi hizi,” alinong’ona Wen-tsung. “Zote kinyume.”

“Utazoea.”

Bibi Chung akafungua kisanduku cha herufi za nadra. Alipekua kidogo, akavuta moja iliyojaa mistari, akaishusha kwenye trei, chini kulia, pale ambapo mkono hupumzika. Kinyume au si kinyume, Wen-tsung aliitambua. Katika familia yao ni mtu mmoja tu mwenye herufi iliyosongamana hivyo kwenye jina lake. Alimwangalia dada yake, kisha akainama.

“Bibi Chung, samahani. Hiyo Luan huwa inaandikwa kwenye barua za sukari?”

“Haiandikwi.”

“Sasa mbona umeitoa kisandukuni?”

“Ni ya mwanangu. Ameanza shule, kila siku fomu. Nitakuwa naiinamia kwenye kisanduku mpaka lini?” Alimpima mgeni kwa macho, juu hadi chini. “Usimwambie mkuu wa ofisi.”

“Simwambii. Na wa kiume huna?”

“Ninaye. Wa kiume jina lake jepesi, lipo katikati, kila mtu analitumia.”

Wen-tsung alicheka. Hsiu-luan alilia palepale, mbele yao, hakutafuta mahali pa kujificha.

“Fundi,” alisema Bibi Chung bila kuinua macho, “kama umechoka kapumzike. Mimi bado nina kazi.”

Wen-tsung aliokota begi ngazini, akapanda nalo juu, akarudisha nguo kabatini moja moja. Aliposhuka alifunga kengele kwenye mlango wa duka, akasema makubaliano yanaongezwa hadi Sikukuu ya Taa, inayofunga shamrashamra za Mwaka Mpya wa Kichina, kisha wataona. Tangu hapo huja kila Jumapili, hukaa kwenye kigoda karibu na kengele, na wateja humchukulia kuwa mwanafunzi wa ufundi.

Hsiu-luan sasa anatengeneza mpini wa chuma wa kuunganisha na kioo kile, maana mama hulalamika kwamba mashine haina uzito. Anatumaini kuumaliza kabla ya Mwaka Mpya. Anajua pia kwamba mama atarudi nyuma tena, na kabla ya trei hapakuwa na mashine yoyote. Palikuwa na msichana aliyefunga taulo kichwani akivuna miwa pamoja na dada zake.

Akiulizwa huko atamtengenezea nini, Hsiu-luan anaweka bisibisi mezani.

“Huko sihitaji Linux,” anasema. “Nitafunga duka, nimvalishe kofia, tutoke wote.”