Mvua ya Vijiti

Harufu ya udongo unaoanza kuloa inanifikia hata hapa sokoni Gakoromone, katikati ya vitunguu vyangu, na mara ninaona kisigino cha nyanya yangu.

Kule Siakago, mvua ikichelewa, nyanya alikuwa akifunika kichuguu cha mchwa kwa blanketi kuukuu, akaacha tundu moja la kutokea, na sufuria chini yake. Kisha anachuchumaa na kupiga debe kwa vijiti viwili, taratibu, kama manyunyu. Kumbikumbi walio ndani wakidhani mvua imefika, wanatoka wenyewe.

Siku moja siafu walitangulia. Msafara wao ukampanda mguuni.

"Nyanya, wapigie debe na hawa, waende zao!"

"Siafu hadanganyiki. Huyu ni pua tu, na ameshanusa chakula chetu. Nitolee hawa upesi. Mimi nikiacha kupiga, wale wa ndani watarudi chini."

Nikawang'oa mmoja mmoja. Miili ilikatika mikononi mwangu, vichwa vikabaki vimeuma kisigino chake. Machozi yalimtoka, lakini vijiti havikusita, mpaka kumbikumbi wakaanza kumwagika kwenye sufuria, mbawa zikiwaka juani. Tuliwakaanga, tukala hadi vidole vikang'aa mafuta.

Sasa matone yameanza kugonga mabati ya soko. Wenzangu wanakimbilia ndani na mizigo yao. Najua ni mvua tu, si vijiti vya nyanya, lakini mimi natoka nje.