Tulipoacha Sinia

Jumamosi iliyopita, tukiwa kwa mama lishe wetu karibu na stendi ya Songea, harufu ya dagaa wa Nyasa wakikaangwa ilinirudisha shuleni mzimamzima. Kama uliwahi kulala bweni, utanielewa. Njaa ya bweni haisahauliki hata ukizeeka.

Shule yetu ilikuwa chini ya milima ya Matogoro, na mwezi wa sita baridi ya pale haikuwa na adabu. Wasichana wanne tulikula kwenye sinia moja: Dada Mkuu wa shule, wawili ambao siku hizi tunawaita Muuguzi na Mwalimu kwa kazi walizozifanya, na mimi, mlafi wao. Ugali ulikuja unafuka moshi, pembeni likolo, mboga yetu ya majani ya maboga, na mpishi alikuwa akiimba Kingoni huku anasonga sufuria la pili. Tulibanana mabega kutafuta joto. Dada Mkuu akiona upande wa mwenzake mboga imeisha, anasukumia yake kimyakimya. "Anayekula na wenzake hashibi haraka, ila hafi njaa," alizoea kusema, na sisi tulimcheka kwa uzee wake wa mapema.

Sasa tumestaafu wote, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwenda kula pamoja. Wajukuu wanasema bibi zao wana mambo. Waseme tu. Mwanzoni tulikuwa tunaagiza sinia moja, tunanawa, tunalizunguka kama zamani.

Mwaka jana Dada Mkuu akapata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Akaacha kuja. Tukamfuata kwake Matogoro na chakula kwenye hotipoti. Mwalimu, kwa huruma zake, akamega tonge akamsogezea mdomoni. Lo, lile lilikuwa kosa.

"Mimi sijawa mtoto mnilishe," alisema, akageukia ukutani.

Muuguzi akamsihi atumie wa kushoto, sisi ni wenzake, nani atamsema? Akajibu taratibu, "Mkono wa kushoto siuingizi kwenye chakula cha watu. Nendeni mkale."

Tulirudi kwa bajaji. Niliogopa, nisikufiche. Mtu akishazoea kujifungia ndani ale peke yake, huyo mnampoteza huku mnamwona. Miezi ikapita tukienda watatu, na ugali ukawa unabaki, hata mimi nikiwepo.

Mwishowe nilikasirika. Nikaenda kwake asubuhi nikamwambia, "Vaa viatu, mwenzangu. Leo hakuna sinia." Tulipofika kwa mama lishe nikaagiza kila mtu sahani yake na kijiko chake.

"Ugali kwa kijiko, bibi?" mama lishe akauliza.

"Lete tu, mwanangu."

Nikwambie kweli, ugali kwa kijiko ni adhabu. Unateleza, unakwepa, mboga inabaki sahanini inakutazama. Wote tulihangaika. Dada Mkuu alianza polepole kwa mkono wa kushoto, kichwa chini. Kisha akainua macho, akamwona Mwalimu amejimwagia mchuzi kifuani.

"Na wewe ulikuwa unafundisha watoto wa watu?"

Tukacheka mpaka abiria wa stendi wakageuka. Alimaliza sahani yake, akaomba kuongezewa. Tangu siku hiyo hajakosa hata Jumamosi moja yetu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini Jumamosi iliyopita, dagaa walipoletwa, kila mtu na sahani yake, moyo uliniuma. Tangu utotoni sikuwahi kufikiri kwamba nitatamani joto la mikono ya wenzangu kando ya wangu. Nikilitaja mbele ya Dada Mkuu, najua, ataacha kuja. Basi nilichukua kijiko changu, nikala.