Niliambiwa nimeghushi ng'ombe wa kijiji kizima, mama yangu akaja kuisahihisha app

Wakuu, habari zenu huko mliko. Huku Garsen jua limeamka na hasira, lakini tunasukuma.

Mimi ni yule member wa kusoma kimya kimya. Miaka yote nacheka nyuzi zenu peke yangu na sijawahi kuandika hata comment. Leo nimeanzisha wangu kwa sababu kila nikiingia humu nakuta mnabishana kuhusu AI na kazi, na mimi nina kisa chenye mashine na kazi ndani yake.

Nitaeleza ilivyotokea, pamoja na ujinga wangu. Majina ya watu nimebadilisha. Kuna kitu kimoja tu sitakitaja hata tukifika mwisho wa uzi, na mtajua kwa nini.

Twende.

Mimi ni Mworma. Kwetu ni kijiji kimoja ndani ya delta, ukitoka Garsen mjini ni bodaboda na uvumilivu. Ni wafugaji wa ng'ombe tangu babu wa babu. Nilisoma cheti cha afya ya mifugo, nikarudi nyumbani, nikakaa miaka miwili nikituma CV mpaka simu ikazoea kuandika "Dear Sir" yenyewe.

Halafu nikapata. Kampuni moja ya Nairobi, sitaitaja, ilikuwa inatafuta wakusanyaji data huku kwetu. Walikuwa na app ya kuandikisha familia na mifugo yao. Ukame ukija, nyasi kavu za msaada zinaletwa kulingana na walichoandikishwa. Usipokuwa kwenye orodha, nyasi zinakupita.

Aliyewahi kuona ng'ombe aliyelala asubuhi akashindwa kusimama ataelewa kwamba orodha hiyo haikuwa mchezo.

Nikapewa tablet, fulana yenye nembo, na kofia. Wakuu, hiyo kofia niliivaa hadi ndani ya nyumba.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza kupinda.

App ilikuwa na maswali mengi mazuri. Jina la mwenye boma, maji mnateka wapi, malisho mnakwenda upande gani. Swali la tisa: IDADI YA NG'OMBE. Kisanduku hicho kinakubali tarakimu tu. Usipojaza, hakikuruhusu kwenda mbele.

Kwa wasiojua: kwetu hatutaji idadi ya ng'ombe. Hakuna atakayekufunga ukitaja, lakini ni kama kuwaitia mabaya. Mtu akikuuliza unao wangapi, unamjibu "wapo, alhamdulillah", na yeye mwenyewe akiwa na adabu anageuza mazungumzo.

Mimi nililijua hilo tangu nikiwa mdogo. Na bado nilichukua kazi nikadhani litajipa tu. Huo ndio ujinga wangu namba moja.

Nilianzia boma la kwetu. Nikamuuliza baba swali la tisa huku naangalia chini kwa aibu. Akaniuliza kama chuoni nilifundishwa kuwauliza wazazi maswali ya namna hiyo. Nikamwambia ni tablet ndiyo inauliza. Akacheka, akasema basi iandikie kumi, isikulilie.

Nikaandika kumi.

Boma la pili mzee akasema andika kumi. La tatu mama mmoja akaniambia kumi inatosha mwanangu, kunywa chai. Kufikia jioni nilikuwa siulizi tena, najaza kumi mwenyewe na kwenda mbele. Ujinga namba mbili.

Kijiji kizima, kila boma, ng'ombe kumi. Nikasimama pale barabarani penye network, nika-upload, nikalala usingizi mzuri sana.

Siku ya pili asubuhi supervisor wangu akapiga. Tumwite Mutiso, kijana wa Nairobi, anaongea haraka. System ilikuwa imepiga red flag data yangu yote. Akasema mashine imeona namba moja imejirudia nyumba zote na imeandika kwamba ni ya kughushi.

"Sasa wewe ulikaa mahali ukajijazia tu," akaniambia. "Hukuenda field."

Nilijaribu kueleza habari ya mila, akaniambia hiyo haiwezi kuandikwa kwenye report. Nilikuwa na wiki moja. Nisipoleta data safi, mkataba unakatwa na kijiji changu chote kinaondolewa kwenye orodha kwa sababu data yake haiaminiki.

Wakuu, nililia. Kupoteza kazi kunauma, lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba majirani walionipa chai wangekosa nyasi kwa ajili ya kumi zangu. Na jina la mwongo lingebaki kwangu. Mji wenyewe ni mdogo, tunajuana wote.

Nikapata wazo la kitoto. Niliwaza nihesabu mwenyewe kwa siri wakati ng'ombe wanatoka zizini, nijaze, niende zangu. Kesho yake alfajiri nikajibanza kwenye mlango wa zizi na kibuyu mkononi kama mtu wa kusaidia kukamua.

Sikufika mbali.

Mama alikuwa amechuchumaa anakamua, hata hakuinua kichwa vizuri. Akasema, "Hiyo midomo yako inafanya nini?"

Kumbe nilikuwa nahesabu huku midomo inacheza.

Akaniita pembeni. Nikamweleza yote: kumi, Mutiso, red flag, nyasi. Mama yangu hajui kusoma. Simu yake ni ya kitochi. Lakini alinisikiliza kama hakimu, kisha akauliza swali ambalo mimi mwenye cheti sikuwa nimelifikiria. Je, hicho kidude hakiwezi kuwaona ng'ombe chenyewe?

Nikamwambia kina sehemu ya picha. Unapiga uso wa ng'ombe, kinautambua kwa pua na alama zake, kinampa kadi yake. Kwenye training walituambia ni ya hiari, wakusanyaji wengi waliiruka kwa sababu inachosha.

"Basi wewe piga picha," mama akasema. "Mimi nitakuambia huyu ni nani. Mimi sijataja kitu. Mashine ikihesabu, hiyo ni shauri yake."

Nilitaka kumbeba mgongoni nizunguke naye kijiji.

Asubuhi tatu mfululizo tulifanya hivyo. Mnaojua kukamua kwa kienyeji mnajua: ng'ombe hatoi maziwa bila ndama wake kuachiwa kwanza anyonye kidogo. Kwa hiyo mama anamwita ng'ombe kwa jina, ndama wake anaachiwa, mimi napiga picha ng'ombe akiwa ametulia. Mama anasema jina, nani alimzaa, amezaa lini, ana tabia gani. Kuna mmoja aliniambia niandike kwamba ana dharau. App haikuwa na kisanduku cha dharau.

Wanawake wengine waliposikia hakuna kutaja idadi, waliniita wenyewe. Ndani ya siku chache nilikuwa na picha za maboma yote. Nilikuwa na kinyesi cha ng'ombe mpaka kwenye kofia.

Nika-upload. Nikangoja. System ikasema: SAFI.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeokoka, na uzi ungekuwa mfupi.

Lakini jioni ile mama aliomba aone. Nikakaa naye mkekani, nikamfungulia kadi za boma letu, nikamfundisha kusukuma kwa kidole. Alisukuma polepole sana, anatabasamu, anawasalimia kwa majina. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Akasukuma tena. Safari hii hakutabasamu.

Akaniambia kuna mwenzao hayupo humu.

Nikamwambia mama, mashine imesema safi. Akaniangalia lile jicho la mama zetu, mnalijua.

Tulikuwa na ng'ombe mwekundu anayeitwa Dimtu na binti yake, mwekundu vilevile. Mashine ilikuwa imewafanya ng'ombe mmoja, picha mbili kadi moja. Halafu ng'ombe mweusi aliyetoka matopeni siku ya pili akiwa amepakwa nusu uso, alikuwa amepewa kadi mbili, moja ya uso safi na moja ya uso wa tope.

Aliyepotea na aliyezidi wamefutana! Jumla ilikuwa sahihi, hata anayehesabu asingeshtuka. Mama hakuwa na habari na jumla. Yeye alikuwa anamtafuta binti wa Dimtu.

Nikafungua kadi za majirani. Nako akakuta makosa ya namna hiyo, na akakuta ng'ombe wa boma moja amepigwa picha kwenye boma lingine kwa sababu alifuata wenzake kunywa maji. Wa majirani pia anawajua. Wanachungwa pamoja, wanazaa pamoja, na wanawake wanaowakamua ndio wanaoitana asubuhi.

Nilikuwa na chaguo, wakuu. Data ilikuwa imeshapita. Kukaa kimya ilikuwa rahisi. Lakini nilikuwa nimeshaonja kuitwa mwongo, na sikutaka kuwa mwongo wa kweli safari hii. Nikampigia Mutiso.

Akaniambia nirudie taratibu. Halafu akasema anakuja mwenyewe.

Alifika na gari la kampuni, viatu vyeupe, tope la delta likamkaribisha ipasavyo. Alikuja kututega, nilimwona. Alikuwa amezichanganya kadi kwenye tablet yake, za kwetu na za watu wengine, akaondoa majina, zikabaki nyuso tupu. Akamwonyesha mama moja moja. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, anajifanya hana habari.

Mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. Huyu yetu. Huyu ya Mama Halima. Huyu hapana jua, nyinyi natoa wapi? Huyo "hapana jua" Mutiso alikuwa amemchomeka kutoka kaunti nyingine kabisa.

Kisha akamletea Dimtu na binti yake pamoja. Mimi mwenyewe hapo nilishika roho. Kwenye screen walikuwa pacha.

Mama hakusita. "Hii mama, hii mtoto," akasema. "Mtoto pua yake nalala huku kidogo. Siku ya kuzaliwa mimi nilivuta yeye kwa mkono yangu."

Tukaenda zizini. Mutiso akawatazama wote wawili ana kwa ana, akainama akaangalia pua, akasimama. Akanigeukia mimi mbele ya wazazi wangu akasema alinikosea kunihukumu kabla ya kuuliza, na anaomba radhi. Nilisema haina shida. Ilikuwa na shida, lakini ilikuwa imeisha.

Baba ndipo akapata la kusema. Akamwambia Mutiso kwamba nyinyi wa Nairobi mmechelewa, yeye amejua tangu zamani kwamba mke wake hadanganyiki.

Swali la tisa liliondolewa kwa upande wetu wote. Siku hizi ni picha, na kila kijiji kina mwanamke mkamuaji mmoja anayepitia kadi kabla hazijakubaliwa. Cheo chao kinaitwa mhakiki. Wa kwanza kabisa kuajiriwa, mkataba halali na fulana yenye nembo, ni mama yangu mzazi. Nyasi za ukame uliofuata zilifika, na boma letu na maboma yote ya majirani yalikuwa kwenye orodha.

Kabla hamjafunga uzi, acheni niwape siku ya mkataba.

Mutiso alikuja na fomu ya karatasi. Mimi nikawa namsomea mama, anajibu, Mutiso anaandika. Jina. Kijiji. Aina ya kazi ya awali. Mama akasema hana, hajawahi kufanya kazi. Mutiso akaniangalia, akaandika yeye mwenyewe: mtunza kumbukumbu za mifugo. Nikamtafsiria mama. Akarekebisha mtandio wake.

Kisha tukafika kwenye IDADI YA WATOTO.

Nikasita, maana kwetu hata watoto hawahesabiwi. Mutiso naye akasita, alikuwa ameshajifunza. Tukabaki tunaangaliana na kalamu iko hewani.

Mama akauliza mbona tumenyamaza. Nikamwambia swali linataka nini.

"Aandike majina," akasema. "Aanze na lako."

Wakuu, mimi ni wa tatu kuzaliwa. Kaka yangu Barisa ndiye kifungua mimba, mama mwenyewe anaitwa Mama Barisa na kijiji kizima. Kwetu ukitaja watoto unaanza na mkubwa, hakuna mjadala. Mutiso akageuza fomu akaandika majina nyuma yake, langu juu. Mimi nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Nilichojifunza ni hiki. Mashine inakuja, hakuna wa kuizuia, na kuna kazi itakula kweli. Lakini kabla hujasema nyumbani kwenu hakuna mtu wa kazi za kesho, kaa chini uangalie wazazi wako wanajua nini. Mama yangu alikuwa na ujuzi huo miaka yote na hakuna aliyewahi kuuita kazi, mimi mwenye cheti nikiwa wa kwanza.

Niko hapa mpaka jioni. Karibuni tuongee, hasa wafugaji wenzangu na watu wa data: kwenu vipi? Mnaotaka kuniponda kwa zile kumi, pondeni, nimestahili.

Ulizeni chochote, ila msiniulize tunao wangapi.

Wapo, alhamdulillah.