Mama Haombi Mvua Tena

Enzi zetu pale mtaa wa mabanda wa Lindi, jijini, wingu likitanda hakuna mtoto aliyekimbilia ndani. Tulivua mashati tukasukumana chini ya mabati, kila mmoja akitaka pale maji yanapomwagika kwa wingi, huku mama zetu wakitoa mabeseni, sufuria, hata kopo la chai. Tulicheza topeni mpaka meno yakagongana. Watoto wa leo tone moja likiwagusa wanalilia simu zao.

Mama alitoka Kitui, na mtu wa Kitui humfundishi kupenda mvua. Alishikilia kwamba maji ya mvua ndiyo yanayolainisha maharagwe ya muthokoi, yale yanayopikwa na mahindi yaliyokobolewa. Mama Halima, Mnubi mwenye nyumba wetu, alimcheka: "Mkamba wewe, utakinga maji mpaka lini?" Mama naye alimjibu, "Anayeichukia mvua hajalala njaa." Kisha walikula pamoja, mabati yakipiga kelele hata ukiomba chumvi husikiki. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena.

Mwaka ule wa mafuriko, mjomba alipiga simu kutoka Kitui. Mahindi yalikuwa yanakauka. "Dada, tuombeeni." Mama akafunga, akaomba juma zima. Mvua ikaja. Kwa mjomba ilinyesha kiasi. Kwetu mto unaopita nyuma ya nyumba ulijaa ukaingia milangoni mchana kweupe. Mama alimshika Mama Halima mkono, maji yakavuta, mkono ukamponyoka. Tulimzika siku iliyofuata.

Tangu hapo Mama akiona wingu huvaa viatu, akakaa kitandani na mkoba kifuani. Mabeseni ameyapindua. Mchungaji amemwambia si kosa lake, zahanati imempa dawa, nami nimesema mpaka nimechoka. Jibu lake ni moja: "Si mliniona nikiomba?"

Kijana wangu humwambia bibi yake, "Susu, chill, ni mvua tu." Siku moja nilitaka kumzaba kofi, nikajizuia. Angejuaje? Hakumjua susu yake alipokuwa akicheka.

Nyumba tuliijenga upya. Nguo na mablanketi tulinunua mitumba soko la Toi. Mama yule wa mabeseni sijui nimtafute wapi, na kusema kweli nimeanza kukata tamaa.

Juzi mjomba alipiga tena. Huko jua limewaka, mahindi yamesinyaa. "Dada, si mtuombee tena?"

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanirudishia simu.

"Mwambie mimi wa kuomba nilienda na Halima."

Sikuweza kumwambia. Nilisema mtandao unasumbua, nikakata. Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza, upepo wa mvua ukipiga pazia. Zamani wakati kama huo angeniita kwa sauti nitoe beseni kubwa kabla tone la kwanza halijapotea bure. Niligeuka nikamkuta ameinama, anafunga kamba za viatu.