Mkia wa Biskuti

Tangu astaafu kupika shuleni, shemeji yangu Verlene amekigeuza chumba cha wageni kuwa nyumba ya mijusi wa kuuza kwa posta. Mijusi wenye kope, wazuri kuliko baadhi ya wakwe zangu. Hapa mjini kwetu Ocala hakuna anayejua kufungasha mjusi kama yeye, isipokuwa mimi niliyemfundisha. Akikataa, muulizeni tena nikiwepo.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Bwana Arne, dereva mstaafu wa Duluth, huko kwenye theluji. Alimtaka Biskuti, ambaye Verlene alimlea tangu yai. Sasa, mijusi hawa wakishtuka huachia mkia, na ukishaanguka hauoti tena. Biskuti akifika kigutu, au akifika maiti, wafugaji wote wangelijua jina la Verlene kabla ya chakula cha mchana.

Tukamtuma Jumatatu, maana kifurushi cha Ijumaa hulala ghalani. Kopo lenye matundu, tishu yenye unyevu, kifuko cha joto kimeviringishwa gazeti asije akaungua. Verlene akakagua utepe mara nne.

"Shemeji, funga basi! Anaenda Duluth, haendi mwezini."

"Nyamaza wewe. Keki uliyomfungashia dada yako ilifika uji."

Jumatano asubuhi simu ikalia. Alikuwa Bwana Arne: "Mama, kopo ni tupu. Kuna tishu tu."

Verlene akakaa kitako, puu, juu ya mkate wangu wa mahindi niliouacha kitini. Nikamnyang'anya simu, nikafungua spika.

"Bwana Arne, kifuniko umekiweka wapi?"

"Kwenye pipa la taka."

"Kitoe! Hao hujibandika chini ya kifuniko, miguu juu!"

Tukasikia makaratasi yakichakurwa, kisha mzee mzima akapiga yowe kama msichana.

"Ameruka! Yuko kwenye upara wangu!"

"Usimguse!" Verlene akafoka. "Mkia anao?"

"Mama, nitakionaje kichwa changu mwenyewe?"

"Nenda kwenye kioo! Taratibu!"

Zikasikika hatua, moja, moja, kama za mtu aliyebeba trei ya mayai. Hata mimi niliacha kutafuna.

"Upo," akanong'ona. "Upo wote. Unanitekenya sikio."

Verlene akanikamata mabega tukacheza jikoni kote, mkate ukimning'inia nyuma ya sketi. Uliobaki kwenye sahani nikaumaliza. Ulikuwa bapa, lakini mtamu.