Kashindi Aliyekatazwa Kufa

Mjukuu wangu akianika mabetri ya redio juu ya bati ili yapate nguvu tena, ile harufu ya kutu inanirudisha Kimanga, mtaa wetu wa Uvira, nyumbani kwa baba yangu, wakati ule Rais alipotuma askari kupigana katika nchi ya jirani. Redio ilisema vita ni vidogo, askari ni wachache, na wote ni wazima. Sisi watoto wa shule tulivichezea ngoma kila asubuhi mbele ya bendera. Nami, bila kujisifu sana, nilikuwa mstari wa mbele.

Nyumbani watu wazima hawakuelewana. Baba mdogo, ambaye alikuwa mwalimu wetu, aliamini kwamba wakubwa wanajua wanalofanya. Baba alikuwa katekista, na hakuwa mtu wa kutukana wakubwa. Alisema tu, huku akichambua ndagala, dagaa wa ziwani: "Kama banataka kupigana, bapigane mbele ya batu. Kama hawataki, barudishe batoto. Vita ya kujificha iko ya nani?"

"Yaya," baba mdogo alimjibu kaka yake, "siasa haiko katekisimu."

Ndipo siku moja askari mmoja mwenyeji wa Luvungi akafika uani ameshika mkanda wa Kashindi, mwenzake vitani, mtoto wa mama mkubwa tuliyeishi naye. Alisema amemzika kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba karatasi ya kifo haitakuja, kwa kuwa wameamriwa kusema hakuna aliyekufa.

Mama mkubwa alivua kitambaa cha kichwa, akatandika mkeka uani, akawasha moto wa matanga. Kwetu anayekuja kulia haji mikono mitupu. Analeta kipande cha kuni, na moto hauzimwi mpaka siku ya kuondoa matanga. Kabla kuni ya tatu haijafika, shefu wa mtaa alikuwa amekwisha kusimama uani.

"Mama, unalia nani? Redio imesema hakuna mutu alikufa."

"Kama hakukufa, muniletee yeye. Akisema 'mama, zima moto', nitauzima."

"Weye unaharibia mutaa yote jina."

"Basi andika jina yangu. Minye niko hapa."

Shefu aliandika kweli, jina la mama mkubwa na la kila aliyeleta kuni. Siku ya pili mchana akamwamuru baba mdogo alete kikundi chetu kicheze barabarani, mbele ya ua wetu, ili wapita njia waone furaha badala ya msiba. Tukapangwa, ngoma ikapigwa. Nilianza kucheza, maana miguu yangu ilikuwa imezoea kutii. Mama mkubwa aliinua macho, wala hakukasirika.

"Feza," akaniita, "Kashindi ndiye alikufundisha kutembea. Kuja ukae."

Nilitoka mstarini, nikaketi mkekani. Ngoma iliendelea kidogo, ikalegea, ikakoma. Baba mdogo aliuacha mstari. Halafu akaingia kwa jirani, akarudi na gogo la mkaratusi begani, akapita mbele ya shefu.

"Na jina yangu iandike," alisema. "Unajua kuiandika, minye ndiye nilikufundisha."

Jumapili Baba alilitaja jina la Kashindi katika sala ya marehemu, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Muda si mrefu baba mdogo akahamishiwa Bijombo, kwenye baridi ya milimani. Aliporudi likizo alituambia ng'ombe wa huko wanasikiliza kuliko sisi.

Kwa miaka mingi nilidhani mama mkubwa aliwapinga wakubwa kwa uchungu tu. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba hakuwahi kuomba vita vile vishindwe. Alichokataa ni nchi kumchukua mwanawe, kisha nchi hiyohiyo kusema haimjui.

Tangu hapo vita vingi vimepita Uvira, na Mungu amenihifadhi, namshukuru. Kila mkubwa aliyekuja alituambia vyake ni vidogo. Namsikiliza kwa heshima mpaka amalize, kisha namwuliza majina ya waliokufa. Asipoyajua, simpigii makofi.